Mficha Ugonjwa Mbele ya Daktari

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Maana ya methali hii niliiona kwa macho yangu likizo ya Aprili, nilipomsindikiza Babu hospitalini.

Babu alikuwa akibanwa na kifua kila apandapo kilima. Daktari akaamua apigwe picha ya mishipa ya moyo. Nyanya akapinga, eti moyo haukorogwi kama uji!

Mwanafunzi mwenzangu, kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa hutiwa ganzi mkononi au kwenye kinena. Mpira mwembamba hupitishwa mshipani hadi kwenye moyo, kisha humiminwa dawa inayoonekana kwa eksirei. Palipoziba hujulikana. Tangu mwaka wa 1977, Andreas Gruentzig alipofaulu mjini Zurich, Uswisi, mshipa uliobana waweza pia kupanuliwa kwa puto dogo.

Je, kuna hatari? Naam.

Kwanza, damu yaweza kuvuja au kuvilia palipodungwa. Ndiyo sababu madaktari wengi siku hizi hupitia kifundo cha mkono, ambako ni rahisi kuizuia kuliko kwenye kinena.

Pili, dawa ile yaweza kumletea mtu upele au kumbana pumzi.

Tatu, yaweza kudhuru figo, hasa figo zilizo dhaifu tayari.

Nne, moyo waweza kupiga ovyo. Mara chache huja kiharusi, hata kifo. Lakini katika kupiga picha tu, wanaofariki ni kama mmoja kwa kila 1,000, au pungufu. Kuuacha mshipa ulioziba bila kujulikana pia ni hatari.

Sasa sikilizeni. Muuguzi aliuliza, "Mzee, unameza dawa gani?"

"Sina dawa yoyote, mwanangu."

Kumbe tembe za kisukari zimo mfukoni mwa koti! Aliogopa kurudishwa nyumbani. Nami nitamkosoaje mzee mbele ya watu? Nikajikaza kisabuni: "Babu, na zile tembe je?"

Alinikazia jicho. Damu ilipopimwa, figo zilionekana zimedhoofika. Tembe zikasimamishwa kwa muda, akatiwa maji mshipani, na dawa ya picha ikatumiwa kidogo. Akatoka salama salimini.

"Wewe mjukuu una mdomo," akaniambia jioni, huku akicheka.

Wenzangu, mkiwapeleka wazee wetu, tajeni dawa wanazotumia, ugonjwa wa figo na chochote kinachowadhuru. Wakirudi, wasiinue mizigo kabla ya kuruhusiwa. Damu ikivuja, pafinyeni kwa nguvu na mwite msaada. Tahadhari kabla ya hatari.