SOMO LA WAFANYAKAZI: KUBANA MATUMIZI NA KUDAI MSHAHARA



Katika mikutano ya Arua na Koboko swali moja linarudi kila mara. Wengine husema: "Taabu yetu ni mshahara mdogo. Ukiongezwa, shida itakwisha." Wengine hujibu: "Mtu asiyejua kutunza fedha hata akiongezwa atabaki maskini. Tujifunze kwanza kubana matumizi." Waajiri nao wanalijua swali hilo, na jibu la pili linawapendeza sana. Tukienda kuomba nyongeza tunaambiwa kwamba wafanyakazi wanakunywa pombe na kucheza kamari, kwa hiyo nyongeza itapotea bure.

Katika somo hili tutaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana. Msimamo wetu ni huu: kubana matumizi hakuwezi kuchukua nafasi ya mshahara wa haki, lakini mfanyakazi asiye na akiba yoyote hupungukiwa nguvu za kuudai mshahara huo.

1. MAANA YA KUBANA MATUMIZI

Kubana matumizi ni kutumia fedha kwa mpango, ili kitu cha lazima kipatikane kabla ya kitu cha anasa, na kesho ipate fungu lake katika fedha ya leo. Anayenunua maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, anabana matumizi. Vivyo hivyo anayetengeneza baiskeli yake mapema kabla haijavunjika kabisa.

Kujinyima ni jambo jingine. Mkata miwa, mpakia magunia na mfanyakazi wa tanuri la mikate wanaishi kwa nguvu za mwili. Mtu wa kazi hiyo akipunguza chakula chake, anapunguza chombo chake cha kazi. Baada ya miezi michache anaugua, na fedha aliyoiweka inakwenda kwenye dawa.

Tena tutazame ni nani anayebanwa. Mara nyingi mume hujisifu kwamba ameweka akiba, kumbe sahani iliyopunguzwa ni ya mke na watoto, wala bia yake haikuguswa. Mwingine huacha kulipa ada ya shule, halafu huita jambo hilo kuokoa fedha. Hiyo ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda bega jingine. Mpango wa matumizi wa haki hupangwa na mume na mke pamoja, kila mmoja akijua ni kiasi gani kimeingia.

2. HESABU TATU

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Mfanyakazi anapata shilingi 200,000 kwa mwezi.

Hesabu ya kwanza ni ya kubana. Mfanyakazi huyu anaacha matumizi madogo ya shilingi 500 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 anabakiwa na shilingi 13,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima ni shilingi 156,000. Si kitu cha kudharau. Haba na haba hujaza kibaba.

Hesabu ya pili ni ya nyongeza. Chama kinajadiliana na mwajiri, na kila mfanyakazi anaongezwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa sheria ya NSSF mfanyakazi anakatwa asilimia 5, yaani shilingi 1,000, kwa hiyo anapokea mkononi 19,000. Mwajiri naye analazimika kuweka asilimia 10, yaani shilingi 2,000 zaidi. Kwa hiyo kila mwezi shilingi 3,000 zinaongezeka katika akiba yake ya uzeeni. Na kama malipo ya saa za ziada yanahesabiwa kutoka katika mshahara wake, hayo nayo yanapanda.

Hesabu ya tatu ni ya deni. Mtoto anaugua, na mfanyakazi anakopa shilingi 50,000 kwa mtu anayetaka arudishiwe 65,000 mwisho wa mwezi. Asipoweza kulipa deni lenyewe, analipa riba ya 15,000 peke yake, na mwezi ujao hivyo hivyo. Riba hiyo inameza zile 13,000 zote alizobana na kudai 2,000 juu yake. Hata akiwa amepata nyongeza, katika zile 19,000 anabakiwa na 4,000 tu. Bandu bandu huisha gogo.

Hesabu hizi zinatufundisha mambo mawili. Nyongeza ya mshahara ni kubwa kuliko vile vidogo tunavyoweza kubana, tena inawafikia wafanyakazi wote kwa mara moja. Lakini deni baya linaweza kula hayo yote, ya kubana na ya nyongeza.

3. WAZEE WETU WALIOKWENDA KWENYE MIWA

West Nile iliingizwa katika Uganda mwaka 1914. Serikali ya kikoloni ikataka kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Kwetu kazi za mshahara zilikuwa chache, basi vijana wa Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kikakwa wakaenda kusini kwa kandarasi. Wengi walifika kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi, ambako kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1924, na ya Kakira, kilikoanza mwaka 1930.

Hakuna aliyebana matumizi kuwashinda wazee wale. Walilala wengi katika chumba kimoja, wakala posho na maharage, wakaweka senti moja moja ili warudi nyumbani na nguo, baiskeli au mahari. Je, kubana huko kuliwatajirisha? Wachache walinufaika. Wengi waliirudia safari ile tena na tena, na watoto wao wakaifuata njia hiyo hiyo.

Sababu yake ni hii. Mshahara ule ulikuwa wa kumlisha mtu mmoja tu. Mke na watoto waliobaki Koboko au Maracha walilishwa na jembe la mke: muhogo, mtama, simsim na kunde. Shamba la mwanamke ndilo lililomwezesha tajiri wa miwa kulipa kidogo. Kama yule mama asingelima, tajiri angelazimika kulipa mshahara wa kulisha jamaa nzima au kukosa wafanyakazi.

Ndugu, hapo pana fundisho kubwa. Pale ambapo wafanyakazi hawana umoja, kila wanachookoa kwa taabu yao kinaweza kuwa sababu ya kuwalipa kidogo. Mwajiri husema: "Mbona wanaweza kuishi kwa mshahara huu?" Kwa hiyo kubana matumizi bila chama kunaweza kumfaidisha tajiri kuliko mfanyakazi mwenyewe.

4. AKIBA HAIOZI, LAKINI FEDHA HUOZA

Mwaka 1984 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bei za vitu zikaendelea kupanda upesi sana. Mwezi wa Mei 1987 fedha ya Uganda ikabadilishwa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake ikatozwa kodi ya asilimia 30 ya kubadilisha fedha. Aliyekuwa ameficha noti ndani ya godoro kwa miaka mingi aliona jasho lake likiyeyuka. Aliyenunua mabati, mbuzi au shamba alikuwa na kitu mkononi.

Kile kima cha chini nacho kiliachwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi.

Basi tujiulize: mtu gani angeweza kubana matumizi hata akaishi kwa shilingi 6,000 kwa mwezi katika mwaka ule wa 2019? Hakuna. Bei zikipanda na mshahara ukisimama, mfanyakazi amepunguziwa mshahara ingawa tarakimu ni zile zile. Dawa ya jambo hilo ni mkataba wa pamoja unaotazama bei za sokoni kila unapofanywa upya.

5. AKIBA YA PAMOJA

Mtu mmoja akibana peke yake, ugonjwa mmoja unamaliza yote. Wengi wakiweka pamoja, mzigo wa mmoja unagawanywa. Ndiyo maana tunashauri kila tawi liwe na kikundi cha akiba. Mfumo unaojulikana sana vijijini ulianzishwa nchini Niger mwaka 1991 na wanawake wakulima, kwa msaada wa shirika la CARE, na sasa umeenea sehemu nyingi za Afrika. Utaratibu wake ni rahisi:

(a) Watu 15 hadi 30 wanaojuana wanakutana kila wiki, na kila mmoja ananunua hisa kwa kadiri ya uwezo wake.
(b) Fedha inahesabiwa mbele ya wote na kuwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku kwa mtu wa nne.
(c) Wanachama wanakopeshana kwa riba ndogo waliyokubaliana, na riba hiyo inarudi kwao wenyewe.
(d) Kuna mfuko wa pembeni wa ugonjwa na msiba.
(e) Mwisho wa mwaka fedha inagawanywa kufuatana na hisa.

Kikundi kinaweza pia kununua vitu pamoja. Gunia la maharage au la samaki wa angara likinunuliwa na watu kumi kwa bei ya jumla, kila mmoja hupata zaidi kuliko kununua kikombe kwa kikombe. Mwaka 1844 huko Rochdale, Uingereza, wafanyakazi 28, wafumaji wakiwamo, walichanga pauni moja moja wakafungua duka lao la unga, sukari, siagi na mishumaa. Ushirika wa duka lile ukawa mfano kwa dunia nzima.

6. AKIBA NI NGUVU YA KUDAI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mfanyakazi ambaye mshahara wake wote umekwisha kuandikwa katika daftari la duka kabla haujalipwa hawezi kusema "hapana." Akiambiwa afanye saa za ziada bila malipo, anakubali. Akiambiwa asijiunge na chama, ananyamaza. Mazungumzo ya mkataba yakichukua muda mrefu, mwajiri anangoja tu, kwa kuwa anajua njaa itawaleta wafanyakazi mlangoni kwake. Lakini mfanyakazi anayejua kwamba nyumbani unga upo wa wiki mbili, na kikundi kitamsaidia mtoto akiugua, huzungumza kwa sauti nyingine.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na kugoma kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa wiki. Saa za ziada katika siku za kawaida zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya sikukuu inalipwa mara mbili. Saa za ziada zisizolipwa ni mshahara uliopotea, na hakuna kubana kunakoweza kuufidia. Haki hizi zimeandikwa, lakini kuzidai kunataka watu wanaoweza kusimama pamoja mpaka mwisho wa mazungumzo.

Kwa hiyo, ndugu, mwezi huu kila mmoja afanye mambo matatu. Andika matumizi ya nyumba yako kwa siku 30. Soma hati yako ya mshahara na uhakikishe makato ya NSSF yamefika. Lipa kwanza deni lenye riba kubwa kuliko yote, kisha ujiunge na kikundi cha akiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Kubana matumizi na kujinyima vinatofautiana vipi nyumbani kwako?
2. Kwa nini kazi ya wanawake shambani iliwafaidisha wenye mashamba ya miwa?
3. Mwajiri akisema, "Nyongeza mtainywa," wajumbe wetu wajibu nini?
4. Mazungumzo yakichukua mwezi mmoja bila mshahara, ni wanachama wangapi wa tawi letu wanaoweza kuvumilia, na tufanye nini ili waongezeke?

Umoja ni nguvu.