SUALI KUTOKA HOMA BAY: KAMARI YENYE LESENI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, katika darsa yetu ya mwezi huu tumelisoma suali lililotujia kutoka upande wa Ziwa, nasi tumeona yafaa lijibiwe mbele ya watu wote. Maradhi anayoyataja muulizaji hayakukaa Homa Bay wala Migori peke yake. Yamo Mombasa, yamo Malindi, yamo Lamu, na yumkini yamo katika mfuko wa kanzu ya mtu anayeusoma waraka huu.

SUALI

"Mimi ni kijana wa Kiislamu. Nanunua dagaa, waitwao huku omena, katika fuo za Mbita na Homa Bay, nami huwauza Migori na Isebania mpakani. Mama wanane wanaoanika dagaa wameniwekea fedha zao ili niwafanyie biashara kwa pamoja. Siku za mbalamwezi wavuvi hawatoki, kwani dagaa huvuliwa kwa taa katika giza. Basi siku hizo hukaa bure, na wenzangu wakanifundisha kasino ya simu. Kampuni yenyewe ina leseni ya Serikali, yalipa kodi, na yatwambia tucheze kwa kiasi. Nami nikajiwekea kiasi. Lakini mara mbili nimekipita, na sasa sehemu ya fedha za wale mama haipo. Je, leseni haitoshi kuihalalisha? Je, kiasi hakitoshi kunilinda? Na nifanyeje kwa deni hili, na kwa zile fedha nilizowahi kushinda?"

JAWABU

Muulizaji ameuliza mambo matatu, nasi tutamjibu moja baada ya moja.

La kwanza: Leseni

Yataka kwanza tujue leseni ni kitu gani. Hapa Kenya sheria ya kamari na bahati nasibu iliwekwa mwaka 1966, na Bodi ikaundwa ya kutoa leseni na kusimamia. Wakati huo kamari ilikuwa na nyumba yake na mlango wake. Mtu aliyeingia alionekana, na aliyetoka alionekana. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kampuni za kubeti kwa simu zilipoenea tangu 2014, nyumba ile ilikwisha kuwa na mlango. Ikawa inatembea na mtu, inalala naye kitandani, na inaingia naye hata msikitini.

Serikali yenyewe iliona hatari. Julai 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya. Mwishoni mwa Aprili 2025 Bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Na Agosti 2025 ikatiwa sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyoiondoa ile ya 1966.

Hatusemi kwamba leseni haina faida. Kampuni yenye leseni yajulikana mwenyewe ni nani, yaweza kushtakiwa, na imekatazwa kumpokea mtoto aliye chini ya miaka 18. Asiye na leseni aweza kuchukua fedha zako leo na kesho asionekane. Lakini leseni inajibu suali moja tu: nani ameruhusiwa na dola kuendesha kazi hii, na kwa masharti gani. Haijibu suali la halali na haramu. Duka la ulevi nalo lina leseni ukutani, imetiwa katika kioo, wala hatujasikia Mwislamu akisema kwamba kioo kile kimeugeuza ulevi kuwa sharbati.

Wala asidhani mtu kwamba Qur'ani haikujua kuwa kamari ina faida. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, imekubaliwa waziwazi kuwa ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, kisha ikaelezwa kuwa madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Wafasiri wametueleza manufaa hayo. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi katika mfuko. Saba ilikuwa na hisa na mitatu ilikuwa mitupu. Waliotokewa na mitupu walilipa bei ya ngamia, na walioshinda aghlabu waliwapa maskini ile nyama, wakajifakhiri kwa ukarimu wao. Basi tazameni! Kamari ile ilikuwa ikilisha maskini, na hata hivyo katika Sura ya Al-Maida, aya za 90 na 91, ikahesabiwa pamoja na ulevi na masanamu kuwa ni uchafu wa kazi ya Shetani, na ikatajwa sababu yake: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mungu na Sala. Ikiwa ukarimu wa nyama ya ngamia haukuihalalisha, vipi itahalalishwa na kodi, au na jezi za mpira zinazogawiwa vijana?

La pili: Kiasi

Muulizaji asema alijiwekea kiasi. Nasi twasema: kiasi ni neno la mchezaji, mwenye nyumba yeye ana hesabu. Na tuitazame hesabu hiyo, kwani wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Chukueni mchezo wa ruleti, ambao umo katika kasino nyingi za simu. Gurudumu lina nambari 37, kuanzia sufuri hata 36. Ukiweka dau juu ya nambari moja nayo ikatoka, walipwa mara 35 na dau lako warudishiwa. Sasa fanya kama mtu mwenye mali nyingi: weka shilingi 100 juu ya kila nambari, zote 37. Umetoa shilingi 3,700. Nambari moja lazima itoke. Utapokea shilingi 3,600. Umeshinda, na umepoteza 100! Hapana wizi hapa, wala gurudumu halikuharibiwa. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyoundwa, na kwa leseni.

Mtu atasema: shilingi 100 katika 3,700 ni kidogo. Naam, ni kidogo kwa mzunguko mmoja. Lakini mchezo wa simu haungoji siku ya soko. Mzunguko mmoja haumalizi hata dakika. Anayeingia na shilingi 100, akawa kila mara airudisha mezani yote anayobakiwa nayo, baada ya mizunguko 50 fungu lake kwa wastani ni kama shilingi 25. Mmoja atatoka na nyingi, na jina lake litatangazwa; wengi watatoka mikono mitupu, wala hapana atakayewatangaza. Tena tangu Julai 2025 Serikali inakata asilimia 5 katika fedha zinazoingizwa katika akaunti ya mchezo, na asilimia 5 katika zinazotolewa. Basi shilingi yako imekwisha kupungua kabla gurudumu halijageuka.

Ama wale wanaobashiri mechi 17 ili wapate donge kubwa, na wajue kwamba kila mechi ina njia tatu: kushinda, kushindwa, au kutoka sare. Njia za mechi 17 zikikusanywa zinafika 129,140,163. Anayezijua timu vizuri hupunguza kidogo ugumu huo, lakini haiondoi bahari kwa kata.

Na kwa nini kiasi huvunjika? Kwa sababu mtu hukiweka akili yake ikiwa imetulia, na hutakiwa kukitimiza akili ikiwa imechafuka. Akishinda, husema fedha hizi si zangu, na niendelee. Akishindwa, husema nizirudishe zangu kisha niache. Akikosa kwa nambari moja, huona amekaribia, na hali gurudumu halimjui wala halikumbuki lililotokea kabla yake. Kwa hivyo sharia haikumpimia Mwislamu kiasi cha kamari. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamrisha anayemwambia mwenzake waje wacheze kamari atoe sadaka. Ikiwa mwito tu, kabla ya dau kuwekwa, una kafara yake, mchezo wenyewe utakuwaje?

Huenda mtu akatwambia: biashara ya dagaa nayo ni kamari, kwani mvua yaweza kunyesha wakaoza. Hapana. Mwenye dagaa akiuza na mnunuzi akinunua, huyu amepata fedha na yule amepata chakula, na wote wawili waweza kurudi nyumbani na faida. Katika kamari hapana kilicholimwa, kilichovuliwa wala kilichoshonwa; faida ya mmoja ni machozi ya mwingine. Vilevile zawadi anayopewa mshindi wa mashindano ya mashua au ya punda huko Lamu, ikitolewa na mtu asiyeshindana, si kamari. Lakini watazamaji wakiwekeana fedha nani atatangulia, hiyo ndiyo kamari, hata ikiwa ni kikombe cha kahawa.

La tatu: Deni, na fedha zilizoshindwa

Hapa ndipo penye uzito, ewe ndugu yetu, kwani fedha za wale mama si mali yako uliyoicheza. Ni amana, na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Toba yako kwa Mungu ina masharti matatu: kuacha, kujuta, na kuazimu kutorudi. Ikiwa ndani yake mna haki ya mja, sharti la nne ni kumrudishia.

Basi usingoje mwezi wa giza uingie upate faida uzibe pengo kimyakimya. Waendee wale mama sasa. Waambie hesabu kamili, andika deni mbele ya mashahidi wawili, na mpatane juu ya malipo ya kila wiki kutoka katika biashara yako ya halali. Utaona haya. Lakini haya ya leo mbele ya watu wanane ni nyepesi kuliko ile ya Siku ambayo watu wote watakusanywa. Na aibu nyingine kubwa ni kumwacha mama aliyeungua jua akianika dagaa adhani ana akiba ya karo ya mwanawe, na hali hana.

Zile ulizoshinda, kama zingalipo, si chumo lako. Wanavyuoni wamesema mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa kwa maskini au katika maslaha ya watu, kwa nia ya kujitoa katika dhambi, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka.

Na ukielemewa kabisa, jua kwamba wenye madeni ni miongoni mwa wanaopewa Zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyekopa kwa maasi hapewi mpaka atubu. Akitubu kweli, mlango hufunguliwa.

Mambo ya kushika tangu leo

1. Iandikie kampuni ifunge akaunti yako na isikupokee tena. Kisha iondoe programu yake katika simu na uzuie jumbe zake.

2. Usikae na fedha tupu. Siku za mbalamwezi zigeuze kuwa bidhaa, au muwekee mtu mwaminifu, mkeo au mamako, asiyekupa ila kwa haja inayojulikana.

3. Usiifukuze hasara. Iliyokwenda imekwenda, anayeifukuza huipelekea na nduguye.

4. Usikope kwa simu, kwa Fuliza wala kwa M-Shwari, ili ucheze au uzibe ulichocheza. Utakuwa umetoka kwenye kamari ukaingia kwenye riba.

5. Anayekuuzia "matokeo ya hakika" ni mwongo. Angalikuwa nayo angalicheza mwenyewe. Na anayekuomba nambari yako ya siri ni mwizi, hata akijiita wakala wa kampuni yenye leseni.

6. Mwambie mtu mmoja wa kheri khabari yako, awe akikuuliza kila Ijumaa. Siri ndiyo chakula cha maradhi haya.

NASAHA KWETU WATU WA PWANI

Tusilisome suali hili kama khabari za watu wa mbali. Mchimba dhahabu wa Nyatike, mkulima wa miwa wa Awendo, na mchukuzi wa bandarini Mombasa, wote simu zao ni za namna moja. Katika uchunguzi uliofanywa na GeoPoll mwaka 2017, asilimia 76 ya vijana wa Kenya walioulizwa walisema wamewahi kucheza. Hao si wana wa wenzetu tu.

Mlevi akiingia msikitini tunamjua kwa harufu, na pengine tunamkaripia. Mcheza kamari hana harufu. Husimama nasi safu moja, udhu wake umetimia, na moyo wake wangoja mechi imalizike. Hotuba zetu zimeukemea ulevi miaka na miaka. Pata-potea ya simu tumeinyamazia, kwa kuwa haipigi kelele. Na baadhi ya wazee wakimwona kijana amepotea humtukana barazani mbele ya wenzake, wakamfukuzia kule kule alikokuwa akikimbia. Sivyo. Ulizeni vijana wenu fedha zinakwenda wapi, na muulize kwa upole. Wafundisheni hesabu ile ya gurudumu, kwani inaeleweka hata na mtoto wa chuoni. Na mkimwona aliyekuja akakiri deni lake kama alivyofanya ndugu yetu huyu, mshikeni mkono, msimshike koo.

Ama wewe uliyetuuliza, umekwisha kupiga hatua ya kwanza kwa kuuliza. Ya pili ni njia ya kwenda kwa wale mama, nayo ni fupi.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.