Mafunzo Niliyopata kwa Shingo Nyeusi na Chunusi za Kidevuni

Nina PCOS, ule ugonjwa wa homoni ambao wengi tunauita vivimbe kwenye ovari. Ngozi yangu imenifunza haya.

1. Weusi wa shingoni si nongo. Shangazi alikuwa akinisugua kwa dodoki na limao mpaka shingo inawaka moto, weusi ukabaki palepale, mnene na laini kama mahameli. Chanzo kiko ndani. Mwili unapoacha kuiitikia insulini vizuri, kongosho huzidisha kuitoa, na insulini hiyo nyingi huifanya ngozi ya shingo na kwapa inenepe. Ukiuona weusi huo kwa binti yako, weka dodoki chini umpeleke akapime sukari. Wangu ulianza kufifia, polepole sana, nilipoacha soda, nikapunguza sembe na kuanza kutembea kila jioni.

2. Chunusi za kidevuni na tayani zinataka subira. Zile kubwa za ndani, zinazouma hata ukilalia mto, huchochewa na homoni za androjeni zinazoongeza mafuta ya ngozi. Dawa ya adapaleni hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na matokeo huonekana baada ya miezi 2 au 3. Mwenye mimba asiitumie.

3. Usiguse mkorogo. Tafadhali. Krimu zenye steroidi hung'arisha uso wiki za mwanzo, kisha ngozi hukonda na chunusi hufumuka upya. Zebaki huharibu figo. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku, lakini kopo lisilo na lebo halikwambii lina nini.

4. Ndevu, ambazo nazo huchochewa na androjeni: kunyoa hakuziongezi. Kung'oa kwa kibano ndiko kulikoniachia vinyweleo vilivyojikunja chini ya ngozi na madoa meusi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili husaidia wengi, ila daktari akupime presha kwanza, na usitarajie mabadiliko kabla ya miezi 6.

5. Mweleze daktari yote kwa pamoja. Kwa miaka mingi chunusi zangu zilitibiwa huku, hedhi kule, na hakuna aliyeuliza habari za shingo. Siku hizi, kabla sijaingia kumwona, naandika kwenye simu tarehe za hedhi, dawa ninazopaka na kila kilichobadilika mwilini, ndevu zikiwemo.