Kikombe cha Maji Ndani ya Gari

SOMO KWA VIONGOZI WA VIKUNDI VYA VIJANA

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 22:8, 2 Wafalme 9:20, 1 Wakorintho 10:24
Muda: Saa moja na nusu
Lengo: Kuwasaidia vijana na wazazi kutambua kwamba kila anayeendesha chombo cha moto amebeba uhai wa wengine, na kwamba jamii nzima ina wajibu wa kumlinda.



Vijana wetu wanapenda mwendo. Hilo si jambo jipya. Katika 2 Wafalme 9:20 tunasoma kwamba mlinzi aliyekuwa juu ya mnara alimtambua Yehu kutoka mbali kwa jinsi alivyoendesha gari lake la farasi, yaani kwa kasi kama mtu aliyerukwa na akili. Hata leo, katika vijiwe vyetu vya bodaboda, kijana hujulikana kwa mwendo wake. Wanaposhindana barabarani wao wenyewe husema "wanapiga ligi".

Kiongozi anayeanza somo kwa kukemea hatasikilizwa. Afadhali aanze na hadithi. Tumechagua tamthilia ya katuni kutoka Japani iitwayo Initial D, kwa sababu inamhusu kijana wa mji mdogo anayekua huku akishindana kwa magari.

Hadithi yenyewe

Mwandishi wake, Shuichi Shigeno, aliitoa kwanza kama hadithi ya picha katika jarida, kuanzia mwaka 1995 hadi 2013. Mwaka 1998 ikaanza kuonyeshwa katika televisheni, na awamu ya kwanza ilikuwa na sehemu 26. Mambo yanatokea katika mkoa wa Gunma, kwenye mlima ambao katika hadithi unaitwa Akina. Mlima huo umefananishwa na mlima halisi wa Haruna.

Mhusika mkuu ni Takumi Fujiwara, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Baba yake, Bunta, anatengeneza na kuuza tofu, chakula laini kinachotokana na maharage ya soya. Tangu akiwa na miaka 13, Takumi amekuwa akiamka alfajiri kupeleka tofu kwenye hoteli iliyo juu ya mlima, akiendesha Toyota Sprinter Trueno kuukuu. Tofu ikitikiswa huvunjika. Kwa hiyo baba huweka kikombe chenye maji ndani ya gari, na agizo lake ni moja: maji yasimwagike.

Kutokana na kazi hiyo kijana anakuwa dereva hodari bila yeye mwenyewe kujua. Rafiki zake wa kituo cha mafuta anakofanya kazi wanaota mashindano, lakini yeye hajali. Siku anapokubali kushindana kwa mara ya kwanza, ni kwa sababu baba amemwahidi gari pamoja na tanki lililojaa mafuta, ili ampeleke msichana anayempenda pwani. Baadaye anaanza kushinda, anaonja kushindwa, anaumizwa na mapenzi, anamaliza shule na kujiuliza atakuwa nani maishani. Mtu mwingine, Ryosuke Takahashi, anaona kipaji chake na kumchukua katika timu yake.

Jambo la kujifunza: kikombe

Tuone namna Takumi alivyojifunza. Hakufundishwa kushinda mtu. Alifundishwa kulinda mzigo wa mteja. Kila alipokata kona alikuwa na kitu mbele yake cha kumkumbusha kwamba nyuma kuna mali isiyo yake. Ustadi wake ulizaliwa na uangalifu.

Hapa ndipo 1 Wakorintho 10:24 inapotugusa, mtume anapotutaka tusitafute faida yetu wenyewe tu, bali pia ya jirani. Mwendesha bodaboda naye amebeba kikombe. Ni mama mjamzito anayekwenda kliniki, ni mtoto wa shule, ni mzee anayerudi kutoka sokoni. Kijana akifahamu hivyo, atapunguza mwendo hata mahali ambapo hakuna askari wa usalama barabarani.

Jambo la kukataa: barabara isiyo na ukingo

Hata hivyo tusiimeze hadithi nzima. Mtoto wa miaka 13 kuendesha gari barabarani ni kosa, na nchini Japani leseni ya gari hutolewa kuanzia miaka 18. Mashindano yale yanafanyika usiku, kwenye barabara ambayo watu wengine pia wanaitumia. Hadithi yenyewe inakiri hatari hiyo: Iketani, kiongozi wa kikundi cha nyumbani kwa akina Takumi, anagonga akiwa mazoezini na kuumia, hata anashindwa kushindana. Lakini katika katuni mtu huchorwa upya akapona. Kwetu sisi mtu huzikwa.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Tuwaeleze vijana sababu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, chombo husogea karibu mita 17 kwa sekunde moja, kabla hata mkono haujashika breki. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne, siyo mara mbili.

Ukuta wa darini

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za wakati ule zilikuwa na dari bapa, na watu walipanda huko kupumzika na kufanya kazi. Tuangalie vizuri: Mungu hakukataza watu kupanda darini. Aliagiza ukuta. Na agizo hilo hakupewa anayepanda, alipewa mwenye nyumba.

Mfano mzuri ni Keiichi Tsuchiya, dereva halisi wa Kijapani aliyekuwa mshauri wa tamthilia hii. Alianza kwa kukimbiza magari kwenye barabara za milimani, lakini jina lake lilikua katika viwanja rasmi vya mashindano. Katika mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, timu yake ilishinda katika daraja lake mwaka 1995, na mwaka 1999 ikashika nafasi ya pili kwa jumla. Katika viwanja hivyo dereva huvaa kofia ngumu, barabara hufungwa, na waokoaji husubiri kando. Mwendo ulibaki, ukuta ukaongezwa.

Je, sisi wenye nyumba tumejenga ukuta? Waumini wengi wanamiliki bodaboda na kuwapa vijana kwa hesabu ya kila siku. Hesabu ikiwa kubwa mno, kijana atakimbia, atapakia mishikaki, na atafanya kazi akiwa na usingizi. Huyo hajapanda darini kwa kiburi. Ametumwa huko, na aliyemtuma hakujenga ukuta.

Zoezi

Wapange vijana katika timu mbili. Kila mmoja akimbie kwenda na kurudi akiwa na kikombe kilichojaa maji, kisha ampokeze mwenzake. Itakayoshinda ni timu iliyobakiza maji mengi, si iliyotangulia kufika. Baadaye pimeni mita 17 uwanjani, ili kila mmoja aone umbali wa sekunde moja.

Maswali ya kujadili

1. Kijana anayepiga ligi barabarani anatafuta nini? Ni nani mwingine angeweza kumpa?
2. Takumi aliaminiwa kazi mapema. Ni kazi gani tunayoweza kuwaamini vijana wetu nayo bila kuvunja sheria?
3. Kwa wamiliki: hesabu unayodai inaweza kupatikana kwa mwendo halali? Je, umenunua kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria?
4. Usharika wetu unaweza kufanya nini ili vijana wasio na leseni wapate mafunzo ya udereva?

Hatua ya utekelezaji

Kila kikundi kichague jambo moja kati ya hayo, kimteue msimamizi, na kupanga tarehe ya kupeana taarifa.

Sala

Ee Mungu Baba, uliyewapa vijana nguvu, wape pia moyo wa kuwakumbuka wale waliowabeba. Utupe sisi wazazi na waajiri kujenga ukuta kabla mtu hajaanguka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.