Milima ya Umatengo na Watu Wanaoitunza

Mtu wa pwani aonapo mto umeshuka na maji mekundu, husema, mvua ni nyingi bara. Neno hilo ni nusu ya kweli. Mvua ni rehema, wala udongo hauondoki mahali pake illa umekosa wa kuuzuia. Mto Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukamiminika katika Bahari ya Hindi. Basi mambo ya milima ile si mageni kwa watu wa pwani. Yafaa msomaji aitazame nchi ya Mbinga, iliyo baina ya Songea na ziwa la Nyasa.

Katika karne ya 19 Wamatengo walibanwa na vita vya Wangoni, hatta wakakaa wengi mahali padogo penye miteremko mikali. Kulima hapo bila ya hila ni kuumwaga udongo mtoni. Hila yao ni ngolo. Mnamo mwezi wa Machi, mvua zikielekea kwisha, wanaume hufyeka majani, huyaacha yakauke, kisha huyapanga kwa safu zinazokatana, yakawa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Hubaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Juu ya tuta hupandwa maharagwe, na msimu wa pili mahindi. Mvua inyeshapo, maji hutulia mashimoni, udongo uliochukuliwa hubaki mumo humo, na majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Mlima ukitazamwa kwa mbali ni kama sega la nyuki. Na haki isemwe: fungu zito la kazi hii ni la wanawake, na waisifuo ngolo aghalabu huwasahau.

Lakini ngolo hulinda shamba, hailindi msitu. Watu walipozidi, na kahawa ikatwaa nafasi yake, miti ya penye chemchemi ilipungua. Wengine waliteremka kutafuta ardhi katika mapori ya miombo, na miombo ndiyo miti ya upande wa Litumbandyosi, palipotengwa pia hifadhi ya wanyama. Mlimani kila ukoo una ntambo wake, yaani kipande cha mlima baina ya vijito, na wazee wake wa kuuangalia. Mgeni aingiaye porini hana ntambo. Ana shoka na moto. Hapo ndipo hatari ilipo.

Katika kijiji cha Kindimba, baina ya mwaka 1999 na 2004, walimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa msaada wa Wajapani, walishirikiana na wenyeji. Waliotaka kuokoa milima hawakuanza kwa kuhubiri miti. Haja ya wenyeji ilikuwa kinu cha kusaga unga kinachoendeshwa kwa maji, nao walijitolea nguvu zao katika kukijenga. Kinu kilipokuwapo, hoja ilijisimamia yenyewe: maji yakipungua, kinu husimama, na maji hayakai penye chemchemi iliyo uchi. Vikundi vikaundwa vya kuotesha na kupanda miti, vya mabwawa ya samaki, vya kufuga nyuki. Kamati yao waliiita Sengu, jina la baraza la kale ambalo watu wa ukoo mmoja walikula pamoja na kukata mashauri yao.

Kuna busara katika kuyachanganya mambo hayo. Apandaye mti leo hapati kitu kesho, na mwenye njaa hangojei miaka kumi. Samaki huvuliwa baada ya miezi, asali hurinwa kwa majira yake, na mti hukua huku mwenyewe amekula. Kundi la kujitolea lisilo na faida ya karibu hukusanyika mara mbili, mara ya tatu huja katibu peke yake.

Jambo moja lataka hadhari khasa. Si kila mti ni rafiki wa maji. Mkaratusi hukua upesi, hutoa kuni na nguzo, lakini hunywa maji mengi. Mahali pake ni mbali na chemchemi. Penye chemchemi huachiwa miti ya asili, na kilimo kikasogezwa nyuma.