Nguruwe wako anakaribia kuzaa: tayarisha mbele ya siku



Hivi karibuni tulifika kwa mama mmoja, mwanachama wa koperative upande wa Walungu, tukitaka kuona vitoto vya nguruwe wake. Hatukuvikuta. Nguruwe alikuwa amezaa usiku wa juzi, vitoto tisa. Asubuhi mama alikuta wanne wamelaliwa na mama yao, wawili hawaonekani hata mfupa, na watatu wanatetemeka kwenye kona. Mbele ya jua kuzama wale watatu nao walikuwa wamekufa.

Majirani walikuwa wamekwisha kukata maneno: "Nguruwe yenye kula batoto yake, ile haiko nguruwe, ni bulozi. Uuzishe, mama." Naye alikuwa karibu kukubali. Lakini nguruwe yule hakuwa wake peke yake. Alimpata kwa mkopo wa mzunguko, na alipaswa kurudisha vitoto viwili kwa koperative, ili mwanachama mwengine naye aanze. Vilivyobaki vilikuwa minervali ya watoto wake. Kwa hiyo usiku mmoja nyumba mbili zilipoteza.

Tulimuuliza swali moja tu: "Mama, ulijua atazaa siku gani?" Akajibu: "Nilijua iko na mimba. Nilifikiri ni mwezi wenye kuja."

Hapo ndipo tatizo lilikuwa. Nguruwe alijifungua usiku wa mvua, kwenye sakafu yenye maji, bila nyasi, bila mtu wa kumwangalia. Hata nguruwe wa shamba kubwa la Ulaya angepoteza vitoto kwa hali hiyo. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya matayarisho, na hasa juu ya yale yanayofanywa wakati nguruwe bado anakula vizuri na hakuna mtu anayehangaika.

Kila kitu kinaanza siku ya dume

Nguruwe anabeba mimba siku 114. Wazee wanashika kwa namna rahisi: miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Anaweza kutangulia siku mbili ao kuchelewa siku mbili, si zaidi sana. Sasa, ikiwa alipandishwa tarehe 10 mwezi wa tatu, siku 114 zinaangukia tarehe 2 mwezi wa saba. Ukihesabu kwa miezi na majuma utafika tarehe 4, juu miezi mingine ina siku 31. Ndiyo maana tunasema: anza kungoja siku nne ao tano mbele.

Tarehe hiyo iandikwe siku ileile dume amefanya kazi, kwenye kaye ya nyumba ao kwa makala kwenye ubao wa mlango wa kibanda. Usiiweke kichwani. Tena angalia nguruwe wako kiisha siku 21: ikiwa anataka dume tena, mimba haikushika, na hesabu inaanza upya. Wengi wanaruka hapo. Wanahesabu kutoka kwa dume wa kwanza, nguruwe anapandishwa tena na dume wa jirani bila wao kujua, na siku inawapotea. Tunajua kwamba nguruwe wengi wetu wanafungwa kamba ao wanatembea, na kuona dume gani alipita si rahisi. Lakini angalau mwezi wa kumzuia uwepo.

Majuma mawili ya mwisho

Majuma mawili mbele ya kuzaa, mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha veterineri wenu. Minyoo ya mama inaingia kwa vitoto tangu siku za kwanza.

Juma moja mbele, mhamishe kwenye chumba cha kuzalia ili akizoee. Ukimhamisha siku ya uchungu, atazunguka, atakasirika, na nguruwe mwenye hasira ndiye anayeuma vitoto. Chumba kiwe na mita 2 kwa 2 na nusu hivi, paa lisilovuja, na sakafu yenye mteremko kidogo ili mkojo utoke. Ondoa samadi yote, osha kwa maji na sabuni, acha kikauke, kisha paka chokaa kwenye kuta na mwaga kidogo chini. Chokaa ikauke kabisa kabla nguruwe hajaingia, kwani chokaa mbichi inachoma ngozi.

Mama mwenyewe aoshwe. Maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa: tumbo, chuchu, na sehemu ya nyuma. Watu wanatucheka tukisema hivyo. Lakini mtoto wa nguruwe anatoka tumboni na kwenda moja kwa moja kwenye chuchu, na kitu cha kwanza kinachoingia kinywani mwake ni uchafu uliobaki pale. Kuhara kwa siku ya pili kunatoka hapo.

Neno moja juu ya wageni. Nguruwe akizaa, mtaa mzima unataka kuona. Pesti ya nguruwe ya Afrika, ile inayomaliza kibanda kizima kwa siku chache, haina dawa, na inaweza kutembea na viatu, na nyama, na damu. Mtu aliyetoka kwa nguruwe wagonjwa ao aliyechinja asubuhi, asalimie kutoka barabarani. Na mabaki ya nyama ya nguruwe yasiingie kwenye chakula chake.

Fito inayookoa vitoto

Kwenye institute tulifundishwa kuzalisha nguruwe ndani ya kaji ya chuma. Tangu tuanze kazi hii vijijini hatujaikuta hata moja, na hatuitafuti tena. Fito za karatusi ao mianzi zinatosha.

Nguruwe anapolala, hajiteremshi polepole. Anaegemea ukuta na kujiachilia. Kitoto kilicho kati yake na ukuta kinakufa, hata kikilia, kwani mama mzito hana haraka ya kusimama tena. Basi funga fito imara kuzunguka kuta zote, sentimeta 20 mpaka 25 juu ya sakafu, na sentimeta 20 mpaka 25 kutoka ukutani. Mama atasimamishwa na fito, na nyuma yake kitabaki kijia ambamo vitoto vinakimbilia. Fito zifungwe kwa misumari ao waya, si kwa kamba ya mgomba. Nguruwe akizisukuma usiku mmoja tu, zitaanguka.

Katika kona moja, tenga pahali pa vitoto peke yao, kwa mbao zenye tundu dogo ambalo mama hawezi kupita. Hapo ndipo joto linawekwa. Kitoto kikizaliwa hakina mafuta mwilini na manyoya ni machache. Kinahitaji joto la digrii 32 ao 34 siku za kwanza, wakati huku milimani usiku linashuka chini ya 15. Kitoto chenye baridi hakinyonyi. Kinajisukuma chini ya tumbo la mama kutafuta joto, na mama analala juu yake. Watu wanaona amelaliwa, lakini baridi ndiyo iliyomuua kwanza.

Wengine wanaweka mbabula ndani. Sisi tunaiogopa: nyasi kavu na makala ya moto havikai pamoja, tena moshi wake unaweza kuua watu na wanyama chumbani. Bidoni mbili za maji ya moto, zimefungwa vizuri na kuviringishwa na gunia, zinafanya kazi. Badilisha maji mtu anapoamka usiku. Chini weka nyasi kavu, zilizokatwa fupi. Nyasi ndefu zinafunga miguu ya vitoto na havikimbii.

Chakula

Mwezi wa mwisho mwongezee kidogo chakula cha nguvu: pumba za mpunga, mihogo iliyopikwa, unga wa sambaza ao soya iliyokaangwa, pamoja na matembele na lengalenga. Lakini asinenepe sana; nguruwe mnene anazaa kwa taabu. Siku mbili za mwisho punguza vyakula vizito, ongeza majani na maji, ili tumbo lisifunge. Maji yasikosekane hata saa moja. Nguruwe anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 na zaidi kwa siku. Tumeona watu wanatoa ndoo moja asubuhi, kisha wanashangaa maziwa yamekwenda wapi.

Usiku wenyewe

Siku moja mbele, sehemu ya nyuma inavimba, chuchu zinajaa, nguruwe anabeba nyasi kwa kinywa na kutengeneza kitanda, analala, anasimama, anakataa chakula. Kamua chuchu kidogo: maziwa yakitoka kwa urahisi, mara nyingi zinabaki saa 12 mpaka 24. Usiku huo mtu alale karibu na torshi. Mtu mmoja, ambaye nguruwe anamjua. Si kundi la watoto.

Kando yake kuwe vitambaa safi vikavu, uzi, wembe mpya, iyode, sabuni na maji, na kikapu chenye nyasi.

Kitoto kinatoka kila dakika 15 ao 20, na kazi yote inaweza kuchukua saa mbili mpaka sita. Kila kimoja kipanguse pua na kinywa, kikaushe kwa kitambaa. Kisichopumua kisugue kwa nguvu, kichwa kikielekea chini. Kamba ya kitovu ifunge kwa uzi, kata sentimeta nne ao tano kutoka tumboni, chovya katika iyode. Kisha kipeleke kwenye chuchu.

Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, hayana cha kuyalipia nafasi. Kwa nguruwe, kinga ya mama haipiti tumboni wakati wa mimba. Inapita katika maziwa hayo tu, na tumbo la kitoto linaipokea vizuri katika saa chache za kwanza. Kiisha siku moja mlango umefungwa. Wale wadogo na dhaifu waweke kwenye chuchu za mbele, zenye maziwa mengi, na uwashikilie mpaka wanyonye.

Mama akianza kuuma vitoto, hasa mwenye uzazi wa kwanza, usimpige. Anaogopa, ana maumivu, ao ana kiu. Weka vitoto vyote ndani ya kikapu chenye joto, mpe maji, msugue tumbo, ngoja uzazi umalizike, kisha virudishe kimoja kimoja. Wengi wanatulia. Kondo la nyuma likitoka, liondoe haraka na ulifukie, pamoja na waliokufa. Nguruwe anakula kitoto kilichokwisha kufa kama anavyokula kondo, ndivyo wanyama wengi wanavyofanya. Wale wawili wa Walungu ambao hawakuonekana, tunafikiri walikuwa wamelaliwa kwanza.

Ikiwa anasukuma nusu saa na zaidi na hakuna kitu, mwite veterineri. Sokoni wako watu wanaouza sindano ya kusukuma, oxytocini. Usiipige mwenyewe. Kitoto kikiwa kimekaa vibaya na kuziba njia, sindano hiyo inaweza kupasua kizazi, na utapoteza mama pamoja na vitoto. Mwite pia ikiwa kesho yake chuchu ni ngumu na za moto, ao mama anakataa kula na vitoto vinalia bila kushiba.

Siku ya tatu

Maziwa ya nguruwe yana chuma kidogo sana. Siku ya tatu kila kitoto kipate sindano ya chuma, miligramu 200. Ikiwa dawa haipatikani, chimba udongo mwekundu wa chini kabisa, pahali ambapo nguruwe hawakupita kamwe wala samadi haikuwekwa, na weka bonge safi kila siku kwenye kona ya vitoto. Wataurambaramba. Haitoshi kama sindano, lakini vitoto vyeupe midomo vinapungua.

Yule mama hakuuza nguruwe wake. Tulimsaidia kufunga fito, na mume wake, aliyekuwa akicheka juu ya bidoni za maji ya moto, ndiye aliyetafuta gunia. Nguruwe amekwisha kupelekwa kwa dume. Siku ya 21 ilipita bila yeye kutaka tena, na tarehe imeandikwa mlangoni kwa makala, mara mbili, juu ya mvua.