"Wastani" ni wa hatari: kutafsiri taarifa za theluji

Katika somo la istilahi nilichagua eneo ambalo Kiswahili hakijalizoea: taarifa za maporomoko ya theluji zinazotolewa Uswisi kwa wale wanaopanda milima ya Alpi nje ya njia zilizotengenezwa. Taarifa hizo hupanga hatari kwa ngazi 5, ambazo nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993.

Ngazi ya tatu kwa Kifaransa ni marqué. Niliandika "hatari ya wastani", kwa kuwa tatu iko katikati ya tano. Nikamsomea kwa simu binamu yangu anayeishi huko. Akajibu: "Wastani? Basi kesho tunapanda."

Hapo nilishtuka. Ngazi hizo hazipandi kwa hatua sawa. Hatari huongezeka kwa kasi kutoka moja hadi nyingine, na ya tano hutangazwa kwa nadra sana. Siku ya ngazi ya tatu, mtu mmoja tu anaweza kuiangusha theluji kwenye mteremko wa digrii 30 na zaidi. Karibu nusu ya vifo vya Uswisi hutokea siku kama hizo. Sasa naandika: ndogo, ya kiasi, kubwa, kubwa sana, ya kupindukia. Mwenzangu mmoja darasani anasema nimezidisha, kwani fort, ngazi ya nne, imesukumwa juu. Ana hoja. Mimi bado naogopa "wastani" zaidi.

Neno maporomoko nalo lina mtego. Poromoka haina mtendaji: sisi wa Bukavu tukilisikia, tunaona kilima kilichoshindwa na mvua. Lakini wengi wanaofukiwa na theluji wameiangusha wao wenyewe, au mwenzao. Uzito wa mtu huvunja tabaka dhaifu lililofichika chini, na theluji iliyoshikamana juu yake hukatika kipande kimoja kipana na kuteleza. Kipande hicho, plaque, nimekiita bamba. Na kwa kuwa -ka na -sha huenda pamoja, kama amka na amsha, naandika: "Unaweza kuiporomosha theluji hata ukiwa peke yako."

Umebaki mlio mzito wa tabaka likizama chini ya miguu, dalili ya kurudi mara moja. Wajerumani huuiga kwa wumm. Nilipendekeza pu, ya kitu kizito kinapoanguka mchangani. Binamu anasema mlio wenyewe ni mnene zaidi na hutokea chini kabisa, bado tunabishana.